Vitundu Vitatu Vitatu

Mwezi uliopita nusura niivunje harusi ya Rukia, mtoto wa dada yangu, na mpaka leo wapo ndugu hawanisemeshi. Upande wa bwana harusi walikuwa wamekodi gari la kizamani lije kumchukua bibi harusi hapa nyumbani, mtaa wa Observatory. Gari refu la buluu, matao makubwa juu ya magurudumu, limefungwa utepe mweupe, na dereva wake kavaa kofia. Mtaa mzima ulitoka na simu. Rukia kalishika gauni lake, kainua mguu apande, mlango ukafunguliwa, na ile harufu ikanijia puani. Ptuu! Hata sasa ninapoandika mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Niliruka nikamdaka mkono. "Hupandi," nikamwambia. Akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeingiwa na wazimu, maana hawa watoto wetu Kiswahili wanakisikia tu, kukisema ni shughuli. Shemeji yangu akaanza kunong'ona mambo ya mashetani. Mwingine akasema ni wivu, kwa sababu mimi niliolewa bila gari wala utepe. Nilimburura mwanangu mpaka kwenye kigari cheupe cha kaka yake, nikamwingiza na gauni lake lote, nikafunga mlango. Lile la buluu likaenda nyuma yao, tupu.

Wao sikuwaeleza. Nitawaeleza ninyi wenzangu, mliokulia Johannesburg hii na mzigo wa kuwatafsiria mama zenu hospitali, shuleni na kwa mwenye nyumba.

Mama yangu alikuwa mshonaji wa ngozi. Huo ufundi aliupata Tanga kwa baba yake, aliyekuwa akishona makubadhi. Ni ushonaji wa mkono, sindano mbili katika uzi mmoja, moja inaingia huku na nyingine kule kwenye tundu lile lile, na uzi umepakwa nta. Mshono wa namna hiyo hata uzi ukikatika mahali, haufumuki. Baba alipotuacha hapa Johannesburg, mtaa wa Hillbrow, akarudi kwao, mkono huo ndio uliotulisha. Mama akaanza na mikoba na viatu vya watu wa jengo letu, mpaka siku moja Papa Floribert akauona mshono wake kwenye mkoba wa mtu.

Papa Floribert alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, Mkristo, mtu wa kucheka kwa sauti kubwa, na alikuwa na karakana Jeppestown. Pale alifufua magari ya Kifaransa, yale ya kabla ya vita kuu ya pili. Wenyewe walikuwa matajiri walioyanunua yakiwa mabovu, yamelala mabandani miaka na miaka, na walimwamini kwa sababu alisoma vitabu vyake vya Kifaransa bila kubabaika. Mimi nilitoka shule nikaenda huko huko kumsubiri mama.

Msidhani palikuwa pazuri. Watu wakisikia magari ya zamani wanawaza vyuma vinavyong'aa. Mimi nawaza uvundo. Gari likija, viti vyake vilipasuliwa kwanza, na ndani mlikuwa na manyoya ya farasi yaliyolowa na kukauka na kulowa tena. Mlikuwa na viota vya panya, na watoto wa panya waliokauka, na mkojo wa panya uliogeuka chumvi ya njano. Gundi waliyotumia wazee wale ilichemshwa kutoka kwenye mifupa, ikipata unyevu inanuka kama mzoga. Mama alifunga ushungi puani akachomoa yote hayo kwa mkono, kwa kuwa kila kipande kilihitajika kiwe kipimo cha kukatia kipya. Harufu ilituganda nywele. Kwenye lifti ya jengo letu jirani mmoja alikuwa akigeukia ukutani tukiingia, na hakujificha.

Ila nilikuwa mtoto, na mtoto hupata mchezo wake hata jalalani. Mchezo wangu ulikuwa kuyatambua magari. Papa Floribert ndiye aliyenifundisha. Majina ya viwanda yalinikwama kooni, basi nikayapa ya kwangu. Macho Ndani lilikuwa lile ambalo taa zake hazikai juu ya matao, zimefichwa nyuma ya wavu wa mbele, zinakuchungulia. Mkono wa Mwavuli lilikuwa la chini chini, halina kikanyagio ubavuni, na gia yake imechomoza kwenye dashibodi na kupinda kama mpini wa mwavuli. Koleo lilikuwa kongwe kuliko yote, boneti yake imeinama mbele kama koleo la makaa, na rejeta yake iko nyuma ya injini.

Na Bwana Kulia. Huko Ufaransa watu huendesha upande wa kulia wa barabara, basi usukani ungekaa kushoto. Lakini magari ya matajiri wakubwa wa zamani yaliwekwa usukani kulia. Papa Floribert alisema ni ili dereva ashukie upande wa watembea kwa miguu, akamfungulie tajiri mlango bila kukanyaga matope. "Ukiona ya Kifaransa, ya zamani, na usukani iko kuume," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "ile hapana gari ya maskini, mutoto wangu." Nikaicheka sana hiyo kuume yake. Tulichekana Kiswahili kila siku, yeye chetu, sisi chake.

Alipenda kunifunga kitambaa machoni mbele ya wateja. "Zuhura, kuya hapa!" Ananizungusha, ananiachia, na mimi napapasa wavu, kitasa, bawaba ya mlango, nataja. Wanapiga makofi. Nilijiona mtu wa maana kabisa, yaani mimi na kitambaa changu chenye grisi.

Siku moja likaja Bwana Kulia la buluu. Hilo Papa Floribert hakulichezea. Mwenye gari alitaka kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani, hata msumari, na ngozi mpya za viti ziliagizwa ng'ambo ili zifanane na zile zilizooza. Zilipofika mama alizipapasa akashangaa. Zilikuwa ngozi laini lakini ngumu, rangi ya asali.

"Ngozi ya nini hii, Papa Floribert?"

"Ya mutoto wa ng'ombe, Mama Zuhura. Kule kwao Ulaya beko wanafunga mutoto wa ng'ombe ndani, habaone jua, ngozi yabo inakuwa namna hii. Hapana waza."

Mama hakuwaza. Alishona. Ukitaka uzi uingie sindanoni unaulowesha, na mama aliulowesha kwa mate, kisha akaushika kwa meno huku mikono yote miwili ikivuta. Alikuwa na kona yake nyuma ya makabati ya rangi, mkeka wake umetandikwa, akisali adhuhuri na alasiri pale pale na kurudi kazini. Mimi nilijilaza juu ya ngozi nikiandika kazi za shule. Na hapo ndipo nilipoiona alama. Ngozi ile yote ilikuwa na vitundu vidogo, na vitundu vimekaa vitatu vitatu, pembe tatu ndogo ndogo kila mahali. Nilizitazama ngozi za magari mengine, hazikuwa hivyo. Basi nikajua. Nilidhani ni mhuri wa kiwanda. Nilidhani Wafaransa wale walikuwa na mashine ya kugonga nukta tatu ili mtu asije akadanganywa na gari la bandia. Nikawa nafumba macho napapasa kwa kidole: vitatu, vitatu, Bwana Kulia huyu!

Mwezi ule nilikuwa nahitimu Kurani madrasa. Mama alitaka niwe na kifuko kizuri cha kubebea msahafu. Papa Floribert mwenyewe ndiye aliyemwambia achukue vipande vilivyobaki. "Usitupe, Mama, ngozi ya heshima hii." Mama akanishonea kifuko. Sijaona kitu kilichoshonwa vizuri kama kile tangu siku hiyo. Kilikuwa na kifuniko cha mviringo, mshono mdogo wa mshazari kote pembeni, na mkanda wa kupitisha shingoni. Papa Floribert alikichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono. "Muzuri kabisa," akasema. Siku ya hitima alikuja kwetu Hillbrow na shati jeupe, akakaa jamvini na wengine, akala pilau mpaka akalamba vidole. Msahafu wangu ulikuwa umetundikwa ukutani juu ya kichwa chake, ndani ya kifuko.

Kila nikifika hapa nasimamisha kalamu. Alikaa pale. Alikula.

Viti vilipokaribia kwisha, mwenye gari alimleta mkaguzi athibitishe kwamba gari ni halisi. Alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, mfupi, mpole, kioo cha kukuzia kimening'inia kifuani. Alizunguka, akalala chini kwenye sakafu ile chafu bila kujali, akainuka akitabasamu. Papa Floribert alimfuata nyuma akijipangusa mikono. Mama alikuwa anamalizia ukingo wa kiti cha nyuma, uzi mdomoni. Bibi alipofika kwenye viti, sikungoja kuitwa. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba ni vya asili, atazame mhuri, nukta tatu tatu.

Yule bibi aliinama na kioo chake, akacheka kwa furaha. Akanipigapiga begani. Akasema mimi ni mtoto mwerevu, ila huo si mhuri wa mtu, ni vinyweleo vya nguruwe, huyo mnyama nywele zake huota tatu tatu. Akamgeukia Papa Floribert akampongeza. Akasema wengine wangepitisha ngozi ya ndama wakidhani hakuna atakayejua, lakini yeye ameagiza ngozi ya nguruwe hasa, kama ilivyotoka kiwandani. Amelitendea haki gari.

Mama aliona uso wangu. "Anasemaje?"

Papa Floribert akawahi. "Anasema kazi iko muzuri sana, Mama Zuhura."

"Sijakuuliza wewe. Nimemuuliza mwanangu."

Nilizoea kumtafsiria mama bili, dawa, barua za shule. Maneno yanapita kwangu kama maji kwenye bomba, hayanihusu. Haya yalikwama. Nilimtazama Papa Floribert, na alikuwa ananitikisia kichwa kidogo, hapana, hapana. Nikasema, "Anasema ni ngozi ya nguruwe, Mama. Vile vitundu ni vya nywele zake."

Mama alikuwa bado ameuma uzi. Aliutoa mdomoni polepole, akautazama. Kisha akatoka nje, na tukamsikia akitapika kwenye mfereji wa uani.

Papa Floribert alimfuata, nami nikamfuata yeye. "Mama Zuhura, sikiliza. Sikukupa ukule! Nilikupa ushone tu. Miye najua munakatala kula. Kushona hakuna neno!"

Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema. Nimemfikiria mtu huyu miaka yote hii na nadhani aliamini hivyo kweli. Kwake haramu ilikuwa jambo la sahani. Alifuturu nasi Ramadhani, alituona tukiuliza nyama imetoka bucha gani, akajumlisha hesabu yake akaona imetosha.

Mama alijifuta mdomo kwa mkono, kisha akaukumbuka mkono, akauweka mbali na mwili. "Kama hakuna neno," akasema, "kwa nini uliniambia ni ndama?"

Papa Floribert akaanza tena kujipangusa mikono.

"Na kifuko cha mtoto? Ulikishika. Ukasema kizuri."

"Ulikuwa unafurahi sana," Papa Floribert akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningesema nini?"

Eish. Ningesema nini! Gari la chuma lililoundwa na watu waliokufa zamani halikudanganywa hata msumari mmoja. Aliyedanganywa ni mama yangu, aliyekuwa anasali hatua chache kutoka kwake. Alimwona akisujudu na uso ule ule, na mikono ile ile, siku baada ya siku, akaendelea kusoma vitabu vyake ili gari lisikosewe. Hicho ndicho kinachonitia kinyaa. Nguruwe ni mnyama, hana kosa lolote.

Kwetu, najisi ya namna hiyo haiondoki kwa maji matupu. Unaosha mara saba, na mojawapo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Sasa nitafutieni udongo safi Jeppestown! Ua wa karakana ulikuwa mweusi kwa oili, njia zote ni lami, na pale palipokuwa na ardhi palikuwa na chupa na mikojo. Mama akaanza kutembea. Tulipanda kwa miguu mpaka huku huku Observatory, kwa sababu aliwahi kuviona vilima vyake kwa mbali. Njia nzima alitembea ameinyoosha mikono mbele, vidole vimetanuka, asijiguse wala asiniguse. Watu walidhani kaungua. Mwanamke mmoja kwenye robot, zile taa za barabarani, alimuuliza kwa Kizulu kama aitiwe gari la wagonjwa.

Juu kilimani tulipata udongo mwekundu kati ya mawe. Mlinzi wa nyumba moja, Mmalawi, alitujazia ndoo maji bila kuuliza kitu. Mama alijisugua viganja, kucha, midomo, ulimi. Udongo kwenye ulimi, jamani! Kisha akaniosha mimi, vidole vyangu kimoja kimoja, hasa kile nilichokuwa napapasia. Alinisugua mpaka nikalia, naye akawa analia, lakini hakulegeza. Tuliporudi nyumbani aliutoa msahafu wangu kifukoni akaufunga kwenye khanga mpya, na kesho yake alfajiri kifuko tukakifukia kule kule mlimani. Nilikililia kuliko nilivyomlilia baba.

Asubuhi hiyo hiyo alirudi karakana amevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Papa Floribert alimwona akainua mikono kwa furaha, akidhani yamekwisha. Mama akampita. Aliingia ndani ya Bwana Kulia, akatoa kiwembe, akaanza kufumua. Hakuchana ngozi hata mahali pamoja. Alikata mshono na kuuvuta, anakata anavuta, kiti cha mbele, cha nyuma, milango.

"Mama Zuhura, mwenyewe anakuya kesho! Utaniua!"

"Gari lako hilo hapo, sijaligusa. Mimi nachukua uzi wangu."

Uzi ulikuwa wake kweli, aliusokota na kuupaka nta mwenyewe. Mpaka alasiri viti vyote vilikuwa vipande vilivyolala, na pembeni mwa kila kipande safu za matundu matupu. Aliuchoma uzi kwenye mkebe wa rangi uani, akaondoka. Hakushona ngozi tena. Alikaanga vitumbua barazani Hillbrow, tukala hivyo hivyo.

Maalim wa madrasa alimwambia hana dhambi, hakujua. Alimshukuru, akaendelea na lake. Kwa muda mrefu, kila akimaliza sala alisimama akasali tena, nyingine na nyingine, na mimi kitandani nilidhani anaomba kazi mpya. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba alikuwa anazirudia sala zote alizosali kwenye ile kona, nyuma ya makabati ya rangi.

Basi hilo ndilo lililokuja kumchukua Rukia. Usukani kulia, buluu ile ile. Watu walipoondoka kuifuata harusi, kabla dereva hajafunga milango awafuate, niliingiza kichwa. Viti vilikuwa vimeshonwa kwa mashine, mshono ulionyooka usio na mtu ndani yake. Na kando yake, sentimita moja hivi, ilipita safu nyingine ya matundu ya zamani, madogo, ya mshazari, hayana uzi. Ngozi haisahau sindano. Nikanyoosha kidole, na kidole kikaenda chenyewe. Vitatu, vitatu.

Mama siku hizi magoti hayamruhusu, alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, amevaa vizuri, anangoja waje kumchukua. Macho yamefifia lakini pua ipo, nami nilikuja na ile harufu. Nilisimama mlangoni.

"Ni lile?" akaniuliza.

"Ndilo."

"Matundu yangu yapo?"

"Yapo yote, Mama."

Aliitikia kwa kichwa polepole, na nikaona kwamba amefurahi. Kisha akautazama mkono wangu, ulionyooka mbele, vidole vimetanuka, wala mwenyewe sikujua nimeushika hivyo tangu barabarani.

"Basi usiniguse," akasema. "Pitia nyuma. Udongo uko kwenye kopo, chini ya bomba."